Fundi Kasoro na Kiti cha Binti Yake

Jina lake la kuzaliwa wengi walishalisahau, na yeye mwenyewe hakulidai. Walimwita Kasoro, Fundi Kasoro. Ukifika mtaani kwao ukauliza anakaa wapi fundi wa viti, hata mtu aliyekuwa anapita na haraka zake atasimama akuelekeze: nyoosha na njia hii, pale unapoona mbao zimeegemezwa ukutani ndipo kwake. Utasikia randa kabla hujamwona mwenye randa.

Hilo jina hakupewa kwa ubaya. Lilitokana na tabia yake moja, na kwa kuwa tabia hiyo ndiyo iliyoleta yote, nivumilieni niieleze vizuri. Mteja akija kuchukua kiti chake, Kasoro hakuwa mtu wa kukipangusa vumbi na kukisifia, kama mafundi wengine wenye maneno matamu. Alikipindua. Miguu juu, mgongo chini, mbele ya mwenye mali, halafu akanyoosha kidole: hapa ubao una fundo, hapa randa ilizidi kidogo, huku kwa ndani msasa haukufika sawasawa. Akimaliza anakisimamisha tena na kusema, "Ndiyo hivyo. Nimejaribujaribu." Na wewe mteja, uliyekuja umejaa furaha zako, unaondoka na kiti imara, kizuri, huku macho yako yameganda kwenye fundo ambalo usingeliona mpaka unaingia kaburini.

Tabia hiyo aliirithi kwa fundi aliyemfundisha kazi, mtu mkali asiyecheka. Huyo alimwambia kwamba kasoro ya kiti aitaje mwenyewe kabla mwenye kiti hajaiona, hapo hakuna atakayemwaibisha. Kwa kijana aliyekuwa anakula makofi kwa kila mguu uliopinda, hiyo ilikuwa ngao nzuri. Na tusiwe wachoyo wa ukweli, ilimfaa. Watu walimwamini. Mtu anayekuonyesha ubovu wa mali yake kwa kidole chake mwenyewe, utamwitaje tapeli? Basi akaendelea nayo mpaka ikamkaa mwilini, hata pale ambapo hapakuwa tena na mtu wa kumwaibisha.

Mkewe, mama mcheshi ambaye ulimi wake haukujua likizo, alikuwa na hadithi yake ya siku zote kuhusu harusi yao. Watu walipomsifia bwana harusi kwa suti, bwana harusi alifungua koti akawaonyesha bitana iliyochanika. Mama alikuwa akisema kwamba alikaa pale pembeni roho juu, akijua zamu ya bibi harusi ndiyo inayofuata. Wageni wakicheka, Kasoro naye alicheka, huku anajikuna shingo. Bitana kweli ilikuwa imechanika, alikuwa akisema.

Watoto wao wakubwa, wa kiume wote, walishika njia zao: mmoja dereva, mwingine anafanya mambo ya kompyuta ambayo baba yake hakuyaelewa hata alipoelezwa polepole. Aliyebaki karakana alikuwa kitinda mimba, binti. Huyo alipenda mbao tangu anatambaa. Alipokuwa mdogo alikuwa anaweka maranda kichwani anasema ni nywele zake za sikukuu. Alipokua akashika randa, na randa ikamtii. Kasoro aliliona hilo mapema. Usiku akiwa amelala aliwaza mikono ya yule mtoto, jinsi anavyoijua njia ya ubao, nyuzi zake zinakoelekea, kwa kuupapasa tu, na moyo wake ulijaa mpaka akakosa usingizi. Lakini ulijaa humohumo ndani. Asubuhi ikifika haukutoka hata kidogo.

Siku binti alipomaliza kigoda chake cha kwanza alikileta mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Baba alikipokea, akakipindua. Mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko wenzake kwa unene wa ukucha. Alimwonyesha. Binti akaitikia kwa kichwa, akaenda kuukata. Na kwa kuwa alimpenda baba yake, hakuona kama kuna kitu amenyimwa. Aliona amefundishwa. Baada ya muda hakungoja tena kupinduliwa, alikuja kigoda kikiwa miguu juu tayari, kidole kimeshafika kwenye kosa. Baba alimwangalia akafurahi. Alijiambia huyu sasa amekuwa fundi.

Ndoto ya binti ilikuwa moja tu, na haikuwa ya makuu. Alitaka karakana yake mwenyewe, hapohapo ubavuni mwa ile ya baba, na mlangoni kibao chenye jina lake. Kibao alishakichonga, kilikuwa kimehifadhiwa juu ya kabati hakijaandikwa kitu. Ili akitundike alihitaji cheti, na cheti kinatolewa kwa mtihani wa ufundi: unapeleka kazi uliyoitengeneza mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, unasimama mbele ya wasimamizi, unaieleza.

Alitengeneza kiti cha mgongo uliojikunja kidogo, ule mkunjo ambao ukiuegemea unahisi kuna mtu amekuwekea kiganja mgongoni. Lakini mguu mmoja wa nyuma ulimsumbua. Alitoboa tundu la kiungo likawa pana kidogo kuliko ulimi wa mguu, ile ncha inayoingia tunduni. Muda ulikuwa umemwishia, ubao mwingine hakuna. Basi akachonga kabari nyembamba kama ganda la yai, akaipaka gundi, akaipenyeza pale penye nafasi. Baba yake alipokipindua kiti macho yake yalikwenda palepale. Hakugomba, hajawahi kugomba. Alisema tu, "Hapa umetia kiraka."

Siku ya mtihani binti alirudi jioni, akaketi jikoni karibu na mama yake aliyekuwa anamenya viazi, na Kasoro akaja kusimama mlangoni na msasa mkononi. Binti akawasimulia. Alipoitwa aliingia na kiti, na kabla hata hawajamwambia akae, alishakipindua. Akaanza na kile kiungo. Akaeleza tundu lilivyozidi, akaeleza kabari, akahamia kwenye msasa, akahamia kwenye vanishi iliyojikusanya kona moja. Wasimamizi wakawa wanaandika. Hawakuwa wameona lolote kati ya hayo, walikuwa wanaangalia mgongo wa kiti na kutikisa vichwa kwa kuridhika, na sasa vichwa vimeinama kwenye karatasi.

"Halafu mmoja wao, mama mmoja mpole, akaniambia, haya, hayo tumesikia, sasa tueleze uzuri wake," binti alisema. "Sikuwa na neno, Baba. Nilisimama tu. Akarudia, akasema, wewe mwenyewe unakipendea nini? Nikaona aibu, nikasema nimejaribujaribu."

Hapo, jamani, ndipo palipokuwa pa kusema kitu. Mtoto amekaa mbele yako, mabega yameshuka, na wewe ndiye uliyemnyima hilo neno maisha yake yote. Kasoro alifikiri kidogo.

"Kile kiungo cha nyuma uliwaonyesha?"

"Nilianza nacho."

"Vizuri," alisema Kasoro. "Usingewaficha."

Mama aliweka kisu chini, akamtazama mumewe kwa muda mrefu bila kusema, naye hakuwa mwanamke wa kukosa la kusema. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza binti kusikia neno vizuri likitoka kinywani mwa baba yake kwa ajili yake. Alilisikia siku hiyo, kwa jambo hilo.

Matokeo yalipotoka aliambiwa ameshindwa, si kwa kiti bali kwa kukieleza. Kiti kilirudishwa, na akaruhusiwa kurudia mara moja tu, kwa kiti hichohicho. Binti hakulia. Alitundika aproni kwenye msumari wa karakana, akatafuta kazi, akapata kwenye duka la vitambaa mjini. Huko alipima vitambaa, akakata, akafunga, akarudi nyumbani jioni na nyuzi zimemganda kwenye sketi. Ukimuuliza siku ilikuwaje anakwambia ya kawaida. Mtu akitaja tu neno mtihani, alikuwa anachukua ndoo anakwenda kuteka maji hata kama pipa limejaa.

Kasoro hakuwa mtu wa jiwe. Alimwona mwanawe anavyonyauka, na akataka kumsaidia. Lakini alimsaidia kwa njia aliyoijua. Asubuhi moja, binti ameshakwenda dukani, alifunga mlango wa karakana, akakitoa kile kiti chini ya turubai, akakipindua. Alijiambia mtihani wa kurudia ukifika mtoto asiwe na kasoro ya kuonyesha. Wasimamizi watafute kasoro mpaka wachoke. Basi akaung'oa ule mguu wa nyuma wenye kabari, akatengeneza mguu mwingine, akachonga ulimi uliokaa kwenye tundu barabara, akapiga vanishi upya. Kuung'oa ule wa zamani kulimchukua muda kuliko alivyotegemea, na majirani walisikia nyundo ikigonga wakadhani amepata kazi kubwa. Kwa nini ilichukua muda hivyo, alilijua. Lakini hakutaka kulifikiria, akalifunika pamoja na kiti.

Alingoja binti arudi karakana. Binti hakurudi. Tarehe ya mtihani ikawa inasogea.

Mwishowe mama ndiye aliyevunja ukimya, na alipouvunja hakubakisha kipande. Walikuwa uani, Kasoro anaosha mikono. Alimwambia kwamba mtoto hakushindwa na kiti, ameshindwa na baba yake. Alimwambia yeye mwenyewe amekalia viti vyake tangu wameoana, amenyonyeshea watoto juu yake, ameugua juu yake, na hajasikia hata siku moja mtu akisema hiki ni kizuri, mpaka wakati mwingine alikuwa anajiuliza kama ni yeye asiyejua kuona. Kasoro akajitetea kwamba kujisifu ni tabia mbaya.

"Nani kakwambia ujisifu?" mkewe alisema. "Kiti kikiwa kibovu unasema kibovu. Kikiwa kizuri unanyamaza. Huo nao ni uongo, mume wangu. Umetudanganya miaka yote."

Maneno hayo yalimwingia. Jioni hiyohiyo alimfuata binti aliyekuwa anaanua nguo kambani, akasimama nyuma yake, akakohoa, akasema kile kiti chake cha mtihani kilikuwa kizuri. Binti hakugeuka mara moja. Alikunja shuka, akaliweka begani, kisha akamtazama baba yake kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyomuuma zaidi. Alimwambia asijali, mama ndiye aliyemtuma, anajua. Akasema, bila hasira kabisa, kwamba mtu ambaye hajawahi kukiita kizuri hata kiti kimoja cha kwake hawezi kujua cha mwenzake. Akaingia ndani na nguo zake.

Kasoro alibaki chini ya kamba. Alikuwa amenaswa na hakuna wa kumlaumu. Ili mtoto amwamini, ilibidi kwanza yeye mwenyewe aweze kukiita kizuri cha kwake, na yeye alikuwa hawezi. Alijaribu palepale kusema peke yake, kwa sauti ya chini, mimi ni fundi mzuri. Akajisikia kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi, akatazama huku na huku kama kuna aliyemsikia.

Kesho yake aliacha kazi akazunguka mjini kuvikalia viti vyake. Msicheke. Mzee mzima, kofia mkononi, anaingia mahali, anaomba kukaa kidogo. Alianzia kwa kinyozi, kwenye kile kiti kikubwa chenye mikono alichokitengeneza zamani nywele zake mwenyewe zikiwa nyeusi. Kinyozi akamfunga shuka shingoni akidhani amekuja kunyolewa, na Kasoro kwa aibu akakubali kunyolewa. Wembe ukiwa kisogoni alijikaza akasema hiki kiti alikitengeneza vizuri. Sauti ilimtoka kavu. Mkono wa kushoto wa kile kiti ulikuwa na ufa ambao yeye peke yake aliujua, na ulimi ulimwasha kuutaja, akaubana kwa meno.

Kinyozi hata hakusimamisha wembe. Alisema, "Kwani nani alisema ulikitengeneza vibaya?" Akaendelea na habari za mpira.

Hapo Kasoro akashangaa. Alikuwa ametegemea dunia itingishike. Kumbe aliloona ni siri nzito, kwa wengine lilikuwa jambo la kawaida kama mlango wa nyumba yao, walishalijua, walishalizoea, na walikuwa wanasubiri tu yeye naye alijue. Alitoka pale kichwa cheupe kama yai, anapapasa kisogo. Akaenda shule kukalia madawati, akafukuzwa na mlinzi. Akaenda kwenye zahanati, ambako benchi lote la wagonjwa lilikuwa kazi ya mkono wake. Alikaa mwishoni mwa benchi. Mama mjamzito alikuja akashuka taratibu, akaegemea, akavuta pumzi, akafumba macho. Hakutazama mahali popote, hakuuliza nani kalitengeneza. Aliegemea tu. Kasoro akatazama jinsi mgongo wake ulivyokaa kwenye ubao, akahisi machozi yanampanda, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Alihesabu moyoni watu wangapi wamewahi kupumzika pale, hesabu ikamshinda. Na yeye miaka yote hiyo alikuwa akilala akifikiria fundo lililo chini ya benchi hilo.

Siku ya mapumziko ya binti alimwomba waende wote mpaka zahanati. Binti akamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, twende tu. Walikuta benchi tupu, wakakaa. Kasoro alishika magoti yake kwa mikono miwili, maana kidole chake alikuwa hakiamini.

"Hili benchi nimelitengeneza mimi," alisema. "Na ni zuri."

Binti alingoja. Alimjua baba yake. Mhudumu alipita na beseni, akapotea kwenye korido, na binti bado anangoja.

"Lakini?" akauliza.

"Hakuna lakini."

Binti aliinama akatazama chini ya benchi, lile fundo alikuwa analijua tangu mdogo, lipo palepale. Akainuka akamtazama baba yake, kichwa kilichonyolewa, magoti yaliyobanwa. Kitu kilimtoka usoni, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Alipapasa ubao pembeni mwake kwa kiganja. Akasema kweli ni zuri. Halafu akasema jambo ambalo Kasoro alikuwa amelisubiri miezi yote: twende tukakione kiti changu.

Njiani aliongea kuliko alivyoongea tangu mtihani. Alisema amefikiri, kama yule mama mpole akimuuliza tena, atamwambia habari za mgongo. Na atamwambia habari za kabari. Alikuwa anasema kwa mikono, anaonyesha hewani. Kile kiraka kwa kweli hakikuwa kiraka tu, Baba, alisema, kwa sababu alichonga kabari ikaelekea upande ambao mguu ukivutwa inazidi kubana. Alibuni mwenyewe usiku ule wa mwisho. Alipomaliza alikikalia, akamwita mama naye akakalia, wakarukaruka juu yake kama watoto, wakacheka. Hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu alijua ni kosa. Sasa aliona atawaambia. Kasoro alizidi kubaki nyuma, mpaka binti akamuuliza kama anataka wapumzike.

Walipofika karakana, binti ndiye aliyevuta turubai. Alikizunguka kiti, akapapasa mgongo, akatabasamu. Kisha, kwa mazoea, akakipindua.

Mtu mwingine asingeona kitu. Yeye aliona mara moja. Ule mguu wa nyuma ulikuwa umekaa kwenye tundu lake sawasawa, hakuna nafasi hata ya kupitisha unywele, hakuna kabari, na njia ya ubao haikuwa ile. Aligusa kiungo kwa ncha ya kidole.

"Nilitaka wasipate cha kukosoa," Kasoro alisema.

"Ule wangu uko wapi?"

Angeweza kusema sijui. Angeweza kusema uliharibika. Alivua kofia.

"Tuliuchemshia chai."

Binti alikisimamisha kiti polepole. Alisema hiki si changu tena. Hawezi kusimama na kiti mbele ya watu aseme nimekitengeneza mwanzo mpaka mwisho wakati mguu ni wa baba, na yeye Baba ndiye aliyemfundisha kutoficha. Alisema bila ukali, kama anayesoma bei ya kitambaa. Na muda wa kutengeneza kingine haupo, na hata ungekuwepo, walisema kiti kilekile. Kasoro aliyajua yote hayo. Lakini kulikuwa na jambo moja zaidi, lile alilolifunika na turubai, na sasa aliona kwamba asipolitoa leo atakufa nalo.

"Mwanangu, kilikataa kutoka," alisema.

"Nini?"

"Kiungo chako. Nilidhani ni kiraka, nitagonga mara mbili kiachie. Nimegonga asubuhi nzima. Nimepaka maji ya moto, nimegonga, nimekaa nikapumzika, nikagonga tena. Mguu ukavunjika juu, kiungo kikabaki. Ilibidi nikitoe kwa patasi, vipandevipande. Katika maisha yangu yote sijawahi kutengeneza kiungo kikakataa namna ile." Akaikunjakunja kofia. "Nilijua palepale. Na bado nikaendelea kugonga."

Binti alitafuta pa kukaa, na hapakuwa na kitu karibu ila kile kiti, akakaa juu yake. Aliegemea. Alitazama msumari uliotundikwa aproni.

"Asubuhi nzima?" akauliza.

"Asubuhi nzima."

Alianza kucheka, au Kasoro alidhani anacheka, mpaka alipofunika uso kwa mikono. Alilia kwa muda, na baba yake akasimama pale na kofia, hajui aishike vipi. Mwishowe binti akajifuta, akasema, "Ungeniambia siku ile ile, Baba. Ningerudi mbio." Akainuka, akakunja turubai vizuri, akaliweka juu ya meza, akatoka.

Mtihani ulipita bila yeye. Kibao kikabaki juu ya kabati. Kasoro aliacha kupindua viti. Wateja wa zamani wakamdai, fundi, leo hutuonyeshi kasoro? Akawajibu kwamba wakiikuta watamwambia, na hiki amekitengeneza vizuri. Walimpongeza kwa hilo, wakamwambia amechangamka uzeeni. Alishukuru. Asante ilimtoka sawasawa, hakuna aliyejua imechelewa kiasi gani. Kile kiti hakukiuza. Mtu akitaka kukikalia anamletea kingine.

Siku moja mama alimpa chakula cha mchana ampelekee binti dukani. Alifika mlangoni akamkuta ndani na wenzake na mwenye duka, wamezunguka rafu ambayo ilikuwa imeanguka na sasa imesimama, imejaa marobota ya vitambaa mpaka juu. Mwenye duka alikuwa anaitingisha haitingishiki. Aliuliza nani kaitengeneza. Kasoro alijua jibu litakalotoka, maana alilipanda mwenyewe.

"Mimi," binti alisema. "Na haitaanguka. Nyie hamjui, mimi nilishatengeneza kiti, fundi wa viti mji mzima akakipiga nyundo asubuhi nzima, kikakataa kutoka."

Wenzake wakacheka wakasema anaongeza chumvi. Binti naye alicheka, akageuka, akamwona mlangoni. Wakatazamana. Kasoro alitamani arudi nyuma, arudi mbali kabisa, mpaka kwenye kile kigoda cha kwanza, akipokee kwa mikono miwili kama kilivyoletwa. Akaingia.

"Ni kweli," aliwaambia. "Mimi ndiye niliyekipiga."

Akaweka chakula juu ya meza ya kupimia, akaaga, akarudi karakana.